Sauti Nyuma ya Tela

"Hilo tela kubwa litatusukuma hadi mtoni," nilimwambia kaka. "Unaangalia ukubwa tu, kama mtu anayechagua kitanda."

"Na wewe unataka hicho kitoroli. Tunabeba viazi au mayai?"

"Trekta letu ni dogo. Tela likilizidi uzito, kwenye mteremko halivutwi tena, linasukuma. Baba alikwambia mwenyewe."

"Baba alisema mengi."

"Alisema wakati bado anaweza kusema."

Nilijuta, lakini sikuomba radhi.

Jua lilikuwa linazama. Tulikuwa kwenye uwanja wa mama mmoja mjane, pembeni kabisa mwa mji, ambako mume wake alikuwa akikarabati matela kabla hajafariki. Yaliyobaki yalikuwa yamesimama kwenye majani, mengine hayana hata matairi. Tela letu lilikuwa limekatika ekseli, viazi vilikuwa kwenye magunia shambani, na mawingu yalishajaa upande wa milimani. Mimi niliacha shule baba alipopooza, ili trekta lipate wa kuliendesha. Viazi vile ndivyo vilivyokuwa vinirudishe darasani.

Nililizunguka tela dogo polepole. Nikapiga matairi teke. Nikashika gurudumu kwa mikono miwili na kulitikisa, nisikie kama limelegea. Lilikuwa imara. Nikapanda juu na kurukaruka kwenye mbao za sakafu. Mwisho nikainama kuangalia mkono wa tela, ile nguzo ya chuma inayotokeza mbele na kuishia kwenye pete ya kupitishia pini.

Pete ilikuwa inang'aa.

Nikaigusa. Grisi... laini, mbichi, bado ina harufu. Majani yalikuwa yameota hadi katikati ya magurudumu, lakini pete ilikuwa kama imepakwa asubuhi ile.

"Mama, hili nani analihudumia?"

Mjane alikuwa amesimama barazani, shuka mabegani. "Hakuna. Halijaguswa tangu msiba."

"Lina grisi."

Alinitazama mimi, akamtazama kaka, kisha akauliza, "Nyinyi ni ndugu?"

"Baba mmoja, mama mmoja," kaka akasema. "Ila mimi nilichukua sura yote, huyu akaachiwa mdomo."

Hakucheka. "Basi lifungeni hapahapa, kabla giza halijaingia." Akaingia ndani. Baada ya muda nikaona pazia la dirisha likisogea.

Kaka alikubali lile dogo, kwa kununa.

Lazima nieleze jinsi tunavyofunga tela, maana bila hilo hutanielewa. Nyuma ya kiti cha trekta letu baba alichomelea sanduku kubwa la spana. Ukiwa kwenye usukani huoni kabisa kilicho chini kule nyuma. Kwa hiyo kazi ni ya watu wawili. Mmoja anarudisha trekta kinyumenyume, mwingine anasimama pembeni akimwongoza kwa mdomo: rudi, rudi, simama. Likishasimama, dereva anatoa gia na kusema, "Ingia." Ndipo wa nyuma anaingia kati, anainua mkono wa tela na kupitisha pini. Dereva hasogei bila sauti ya nyuma, na wa nyuma haingii bila sauti ya dereva. Tulifundishwa hivyo tukiwa wadogo, na hatukuwahi kukosea.

Nikawasha.

"Haya, dereva wa kuazima," kaka akasema. "Rudi. Kushoto kidogo... rudi... rudi..."

Nikarudi taratibu. Upepo ulikuwa umekata. Harufu ya grisi ikapanda ghafla, nzito, kana kwamba mtu amesimama karibu na kiti changu na mikono yake imejaa grisi.

"Rudi," kaka akasema.

Nikarudi.

"Rudi kidogo tu."

Ilikuwa sauti yake, pamoja na ule mkwaruzo wa mafua aliokuwa nao wiki nzima. Lakini ilikuwa imetulia mno. Kaka hawezi kuniambia maneno matatu bila kutia la nne la kunichokoza. Nilingoja anichokoze.

"Rudi. Bado kiganja kimoja."

Nikaachia klachi.

"Simama."

Nikakanyaga breki. Sauti ilikuwa ya kaka, juu, imejaa hofu.

"Sikusema simama," kaka akasema kwa upole. "Rudi."

Trekta lilikuwa linatetemeka chini yangu.

"Dada, simama... nimebanwa... usirudi..."

"Nimebanwa mguu. Tairi limenikanyaga. Rudi, niutoe."

"Usirudi..."

"Rudi, dada. Naumia."

Sauti mbili.

Zote za kaka.

Niligeuka, nikaona sanduku la spana na mbao za tela tu, na giza jepesi katikati. Kama tairi liko juu ya mguu wake na nisirudi, linamsaga. Kama hayuko chini ya tairi na nikirudi, ninamuua. Hata kwenda mbele niliogopa. Nilimwita kwa jina lake. Zikaitika zote mbili, kwa pamoja.

Nikazima injini.

Kimya. Nilisikia chuma cha moto kikilia ti... ti... kinapopoa. Nyuma yangu nilisikia mtu anahangaika kuvuta pumzi.

Kisha, si nyuma. Hapa. Karibu na sikio langu kabisa.

"Mbona umezima?"

Sikutazama. Nilivuta breki ya mkono nikaruka chini upande wa pili, nikaanguka, nikainuka na kukimbilia nyuma.

Kaka alikuwa amepiga magoti kati ya trekta na tela, mgongo wake umeegemea chuma cha trekta, na ile pete ya mkono wa tela imemkandamiza kifuani. Miguu yake yote ilikuwa salama. Hakuna tairi lililomgusa. Kama ningerudi kile kiganja kimoja...

Niliondoa mawe yaliyozuia magurudumu, nikasukuma tela kwa bega hadi likasogea. Kaka akaangukia mikono yake, akakohoa.

"Kwa nini uliingia?" nilinong'ona. "Sikukwambia uingie."

"Uliniambia."

"Sikusema neno."

"Ulisema umetoa gia, niingie. Nikaingia. Ukasema pini imeanguka, nipige magoti nitaiona." Alifuta mdomo. "Nikasema mbona trekta linasogea. Ukacheka. Ukaniita lile jina."

"Jina gani?"

"Lile la kabla hujajua kutamka langu."

Jina lile liliishia nyumbani kwetu, miaka ile. Hata mimi nilikuwa nimelisahau.

Nilimshika kwapani tukaenda kwenye nyumba ya mjane. Kwenye shati lake, katikati ya kifua, kulikuwa na duara jeusi la grisi. Viazi nilikuwa nimeshavisahau. Nilikuwa nimejipanga kumwambia yule mama hatulitaki tela lake, wala hatutakaa uwanjani kwake dakika nyingine.

Alifungua kabla sijabisha.

Alilitazama lile duara. Akashika fremu ya mlango.

"Uliambiwa rudi," aliniambia mimi.

"Ndiyo."

"Kwa sauti ya huyu."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu akasema simama."

Nikaitikia kwa kichwa. Akajishusha polepole, akakaa kwenye kizingiti kama mtu aliyebeba mzigo kutwa nzima.

"Mume wangu alifia hapo mlipokuwa nyie," alisema. "Kijana wetu ndiye aliyekuwa akiendesha. Baba yake aliishi hadi tukamfikisha barazani, akasema mbele ya watu wote, 'Nilimwambia asimame.' Kijana akaapa alimsikia baba yake akisema rudi. Nani angemwamini? Ndugu zetu hawamsalimii hadi leo." Akavuta shuka mabegani. "Na mimi sikumwamini. Nilimwambia hivyo usoni."

"Yuko wapi?" kaka akauliza.

Alionyesha kwa kidevu. Mwishoni mwa ukumbi kulikuwa na mlango wa chumba, umefungwa. "Amejifungia tangu siku ile. Chakula namwachia chini, anakichukua nikishalala."

"Tela hilo mume wako aliliunda mwenyewe?" nilimuuliza.

"Hakuliunda. Alilikuta limeachwa kando ya barabara, pini ikiwa mahali pake, hakuna trekta wala mtu. Akasema ni bahati."

Kaka alikuwa anapumua kwa shida. Hasira ikanipanda. "Ulikuwa dirishani, mama. Ulituona. Angekufa huyu."

"Nilikuwa dirishani," akasema. Hakuinua macho. "Na nyinyi mna mama yenu. Najua. Lakini nisingepata kujua kwa njia nyingine kama mwanangu alisema kweli."

Nilitaka kumchukia, lakini alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya shuka.

Akainuka. Akatembea hadi mwisho wa ukumbi huku akipapasa ukuta, maana hapakuwa na taa. Huku nje mvua ilikuwa imeanza kudondoka juu ya mabati chakavu. Kule uwanjani, ambako hapakuwa na mtu, nilisikia magurudumu yakilia taratibu. Kwiii... kisha kimya. Kaka alinishika mkono. Hakuna aliyegeuka.

Mjane alibisha kwa vidole.

"Mwanangu," alisema. "Fungua. Hukusema uongo. Nimewaona watu wengine walioisikia sauti ile. Nisamehe, mwanangu, fungua."

Halafu nikasikia mtu akiburuta miguu ndani, akisogea, akisimama upande wa pili wa mlango. Nilidhani nitasikia komeo likivutwa.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya kijana aliyechoka, asiye na hasira wala haraka.

"Kila jioni unakuja kuniambia hivyohivyo, mama. Na kila nikifungua, hakuna mtu."