Posa ya Abdón

Siku ya soko kuu la Huajuapan, Fidelina Bautista alikuwa akipindua chapati zake nene za mahindi, amevaa blauzi nyeupe iliyotariziwa ndege wekundu, mwanaume mmoja alipochuchumaa mbele ya jiko lake. Hakutazama chakula. Alikuwa akifuta masizi kwenye jiwe lililoshikilia bati la kuokea.

"Kaka, unanunua chakula au unanunua jiko?"

"Hili limechongwa," akasema. "Lina zaidi ya miaka elfu mbili. Umelitoa wapi?"

"Kwetu yapo tele. Kula kwanza, ndipo uulize."

Alikula, akarudi kesho yake na keshokutwa. Jina lake Abdón, mwanaakiolojia, Mmixteki wa kabila moja na Fidelina, ila alizaliwa mbali, mjini Puebla, na lugha ya wazee wake hakuijua. Fidelina alimfundisha neno moja kila siku, akimcheka anavyolitafuna. Mwezi wa pili walikuwa wakipigiana simu kabla hata ya kunawa uso.

Ndipo Fidelina akampeleka kilimani kwa baba yake, mzee Crisóforo. Chini ya sakafu ya nyumba yao palikuwa na kuta za nyumba nyingine, ya kale, na chini ya kuta hizo makaburi. Wamixteki wa mwanzo waliwazika watu wao palepale walipolala wenyewe. Mzee alitaka wasiguswe. Abdón akaapa atachora tu, na jina la mahali hataliandika popote.

Aliliandika, kwa penseli, kwenye daftari lake, kwa mazoea ya kazi.

Muda si mrefu lori la wachimbaji wa mambo ya kale likapanda kilima na karatasi yenye mhuri. Mzee akapewa siku kumi za kuhama. Fidelina alitazama mafuvu yakitiwa namba na kuwekwa masandukuni, kisha akapiga simu.

"Wameshika daftari. Niambie si lako."

"Ni langu. Lakini nisikilize, mpenzi..."

Akakata, na kwa miezi minane hakupokea tena. Mwishowe Abdón alikuja mwenyewe sokoni, amekonda, koti linampwaya, akaomba amuoe. Fidelina akamshika uso kwa mikono yenye unga, akakubali. Alitaka jambo moja tu, posa iletwe kwa desturi, na ukoo mzima.

Ukoo ukaja, ukajazana kwenye chumba alichopanga mzee. Walileta vikapu vya mikate, chokoleti na batamzinga wawili waliofungwa miguu. Mama yake Abdón alijifunga mtandio mpya mweusi. Mshenga alisema kwa muda mrefu na kwa adabu. Alipomaliza, Fidelina akasimama.

"Mama, umetoka mbali, nawe huna kosa. Ila mwanao aliwafukua wafu wetu, na baba yangu leo anapanga foleni ya choo na watu tisa. Simtaki. Sijamtaka tangu siku ile. Niliwaita nyote muone mtu anavyofukuliwa."

Mama akaanza kukusanya mikate. Abdón akamwinua, wakatoka, na wengine wakawafuata.

"Umemaliza?" mzee akauliza.

"Nimemaliza, baba."

"Daftari lilichukuliwa na profesa wake. Abdón alimpinga mbele ya wakubwa, wakamfukuza kazi. Kila Alhamisi ukiwa sokoni anakuja hapa, tunaandika barua nyumba irudi. Aliniapisha nisikwambie. Alitaka umkubali kwa kumpenda, siyo kwa kumwonea huruma."

"Mbona hukunizuia?"

"Wiki nzima ulikuwa unaimba. Nilijua umemsamehe."

Fidelina alikimbia mpaka stendi. Basi la Puebla lilikuwa limeondoka. Akapiga simu, ikapokelewa kwa mlio wa kwanza, kama zamani.

"Abdón, mpenzi, baba ameniambia yote."

Abdón akasema, "Nikuulize moja. Siku ile sokoni, uliponishika uso. Hata hapo ulikuwa unanidanganya?"

Angeweza kusema hapana. Lakini alishachoka kumdanganya.

"Hapo nilikuwa nakudanganya. Lakini sasa..."

"Asante kwa kusema kweli," akasema taratibu. "Mama amepata usingizi begani kwangu. Nisimwamshe."

Simu ikazimwa.