Simu Iliyoingia Baada ya Hua Lamphong

Saa 1:10 asubuhi

"Simu," alisema Sombat.

Chumba cha nyuma cha duka la tambi kilinuka mafuta ya bata. Sombat alisukuma ndoo ya mchele katikati ya meza, akatumbukiza simu yake kwanza. Oat akafuata, akaifukia yake kwa mkono mzima kama anayezika paka. Jeab akamalizia.

"Leo kuna simu moja tu, ya kazi. Anayo Jeab, na haina laini. Atakayebeba yake namkata vidole."

"Vidole vyangu viache, kaka," alisema Oat. "Pikipiki nitaiendesha kwa meno?"

Sombat hakucheka. Alilaza karatasi mezani, akachora reli ya chini ya ardhi na vituo vyake.

"Mzee wa duka la dhahabu anapanda treni Wat Mangkon saa nne. Kilo mbili za dhahabu, ndani ya mfuko wa keki za maharage. Bosi wake bahili. Gari hampi, bando hamnunulii. Mzee wa watu anajiunga na waifai ya bure ya treni, anaangalia vichekesho mpaka Sukhumvit. Jeab?"

"Kisanduku changu kinarusha waifai yenye jina lilelile la waifai ya treni," alisema Jeab. "Tukitoka Hua Lamphong nakiwasha. Simu za karibu zinahamia kwangu. Halafu nawarushia ukurasa: treni inaishia Sam Yan, abiria wote washuke."

"Na mtangazaji wa treni?" Oat aliuliza.

"Nani anamsikiliza, na wote wameziba masikio? Wataamini simu."

"Watabanana mlangoni," Sombat alimalizia. "Mimi nabadilisha mfuko. Oat ananisubiri juu, Sam Yan. Dakika moja, tumeyeyuka."

Juzi walikuwa wamejaribu humo humo chumbani. Simu zao zote tatu zilijiunga kwenye kisanduku, ukurasa ukafunguka, wakacheka hadi machozi.

Jeab hakutaka kingine duniani ila leo ipite. Jumatatu shule zinafunguliwa. Kaew, binti yake na Oat, anaanza darasa la kwanza Khon Kaen, anakolelewa na bibi yake. Jeab alikuwa ameapa kumshika mkono mpaka getini, na baada ya hapo asirudi tena mjini.

"Tangulieni," alisema Oat. Akambusu Jeab kwenye utosi. "Nafunga mlango, mama Kaew."

Saa 4:03

Wat Mangkon. Mzee alipanda. Shati jeupe, kandambili, mfuko wa keki mapajani. Akatoa simu, akaibonyeza mara mbili, akaanza kucheka peke yake.

Sombat alisimama hatua tatu kutoka kwake na mfuko unaofanana na ule kama pacha. Jeab alikaa mkabala, begi jekundu miguuni. Ndani ya begi, kisanduku.

Saa 4:06

Hua Lamphong. Watu walishuka, wengine wakapanda. Milango ikajifunga.

Jeab akawasha.

Orodha ikaanza kujaa kwenye kioo cha simu ya kazi. Simu ya kwanza. Ya tano. Ya kumi na mbili. Simu ya mzee nayo ikaingia, na kicheko chake kikakatika. Jeab aliinua kidole abonyeze ukurasa.

Jina likachomoza chini kabisa. *Baba Kaew.*

Kidole kiliganda hewani.

Simu ya Oat ilipaswa kuwa kwenye ndoo ya mchele. Na mwenyewe alipaswa kuwa juu ya ardhi, kwenye pikipiki. Lakini simu ikishazoea mtandao haisubiri ruhusa. Ikiukuta popote, inaingia. Oat alikuwa amesahau hilo. Jeab hakusahau. Ndiyo ilikuwa kazi yake.

Aligeuza shingo polepole. Behewa la nyuma yao, mwisho kabisa, aliiona kofia aliyomnunulia Oat mwenyewe. Oat alikuwa amesimama bega kwa bega na mwanamume mwenye nywele za kunyolewa fupi na viatu vyeusi vilivyong'arishwa. Oat alinyoosha kidevu kuelekea begi jekundu. Yule mwanamume akaitikia kwa kichwa.

Sombat alishamsogelea Jeab. "Rusha ukurasa! Unangoja nini?"

"Oat yumo humu. Ana simu yake. Yuko na askari kanzu."

Sombat hakugeuka.

"Mumeo," alisema kwa sauti ya chini. "Ulimleta wewe."

"Kaka, nisikilize..."

"Sikujui, dada. Usiniangalie."

Akauacha mfuko wake sakafuni, pembeni ya mguu wa Jeab, akajipenyeza kati ya abiria kuelekea behewa la mbele.

Saa 4:07

Dakika moja. Jeab hakufikiria kukimbia. Chini ya ardhi utakimbilia wapi? Alimfikiria Oat akishatoka hapa. Ataenda wapi, huyu mtu, kama si Khon Kaen kumchukua Kaew?

Alizima kisanduku. Akaiunga simu ya kazi kwenye waifai halisi ya treni. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Ukurasa ukafunguka: *Weka namba yako. Utatumiwa msimbo.*

Msimbo utaingia wapi, na laini hakuna?

Mkabala naye, mzee alicheka tena. Vichekesho vilikuwa vimerudi.

Jeab akainuka, akachuchumaa mbele yake.

"Mjomba, shikamoo. Nakuomba simu yako. Mtoto wangu yuko matatani."

Mzee alimtazama. Mkono mmoja ukakumbatia mfuko wa keki. Mwingine ukampa simu.

"Salio sina, binti. Ila waifai ipo. Piga kwa mtandao, haraka."

Namba ya mama yake aliijua kwa kichwa. Iliita mara nne. Treni ilianza kupunguza mwendo.

"Mama! Ni mimi, Jeab. Kaew usimpe mtu. Umesikia? Hata Oat, usimpe!"

"Ee? Sasa mbona unanichanganya?" Sauti ya mama ilikuwa na mikwaruzo. "Si dada yake Oat kamchukua tangu saa mbili? Kaja na gari. Kasema unaenda kazi ya mbali, ya miaka, na mtoto amekabidhiwa kwao."

"Nani kasema? Nani kamkabidhi?"

"Kanionyesha karatasi, mwanangu."

Jumapili iliyopita. Jeab alikuwa anachuja tambi, mvuke usoni, na Oat alikuja na fomu. *Ya shule hii, weka sahihi hapa, mama Kaew.* Alikuwa amemshikia karatasi juu kabisa, dole gumba likifunika kichwa cha fomu. Jeab alikuwa amefuta mkono kwenye aproni, akasaini, akarudi kwenye sufuria.

Sam Yan. Milango ilifunguka. Polisi wanne walikuwa wamesimama tayari jukwaani. Mbele huko, Sombat alipiga kelele mara moja tu; walikuwa wamemdaka. Viatu vyeusi vilikuja moja kwa moja hadi kwa Jeab.

"Ni huyu," alisema Oat, akitazama sakafu.

"Binti, simu yangu," alinong'ona mzee.

Pingu zilimbana mkono wa kushoto. Wa kulia bado ulikuwa umeng'ang'ania simu sikioni.

"Jeab? Jeab, unanisikia?" mama yake aliita. "Sahihi si yako? Mimi naijua sahihi yako, mwanangu. Niliitazama mara mbili."