Taa ya Njano na Sikio la Chiriku

Kila asubuhi mwalimu wa hisabati alikuwa akisoma maswali ya akilini kwa sauti, kisha akiuliza, "Tumeelewana?" Darasa zima liliitikia, "Ndiyo, mwalimu." Chiriku naye aliitikia, tena kwa nguvu kuliko wenzake, ingawa sikio lake la kulia lilikuwa limeziba kabisa.

Chanzo alikijua. Alijichokonoa kwa njiti yenye pamba, jambo ambalo mama yake alimkataza mara nyingi, na pamba ikabaki ndani. Siku alipomwomba mwenzake wa dawati amrudilie swali, yule msichana alimuuliza kama masikio ameyavaa kwa urembo. Watoto wakacheka. Tangu hapo Chiriku hakuuliza tena. Alikisia majibu, alama zake zikaporomoka, na sikio likaanza kuuma.

Siku moja, baada ya masomo, alikwenda kumsubiri mama yake kazini. Mama alikuwa fundi wa mitambo ya simu. Chumba chake kilikuwa na ubaridi, kimejaa makabati ya chuma yenye taa ndogondogo, na chai yake ilikuwa imepoa mezani kama kawaida.

Mama alimpokea mkoba akiwa upande wake wa kulia, akamuuliza kama ana njaa. Chiriku akajibu ndiyo. Akamuuliza kama angependa kubaki au kutangulia nyumbani. Akajibu ndiyo. Mama alimtazama kwa mashaka, lakini kabla hajasema lolote, taa ya njano iliwaka kabatini.

"Mtambo wetu umeharibika?" Chiriku aliuliza.

Mama alitikisa kichwa, akachukua bisibisi. Alimweleza kuwa ndani ya kabati kuna chipu ndogo ya kielektroniki inayopanga sauti za watu katika vifungu na kuweka alama kwenye kila kifungu. Kituo cha mlimani kinachozipokea sauti hizo kikiacha kuziona alama, kwao huwaka taa nyekundu. Papo hapo chipu yao hutuma ujumbe huku, na huku huwaka ya njano.

"Sisi tunawapata vizuri," alisema mama. "Wao ndio hawatupati. Wasingetuambia, ningekaa hapa nikinywa chai, nikidhani mambo ni shwari."

Alifuata waya unaopeleka sauti mlimani, akakuta kiungo kimelegea. Alipokikaza, taa ikazimika.

Chiriku aliendelea kutazama pale taa ilipokuwa ikiwaka.

"Mama, hawaoni aibu?"

"Akina nani?"

"Hao wa mlimani. Kusema kwamba hawasikii."

Mama aliweka bisibisi chini taratibu. Alizunguka akasimama upande wa kulia wa binti yake, akanong'ona jina lake. Chiriku hakugeuka. Mama akapiga magoti mbele yake, na hapo mtoto akaanza kulia, akasimulia yote: pamba, kicheko cha darasani, maumivu.

Mama hakumgombeza. Alimfuta machozi kwa ukingo wa kanga yake, akamwomba fundi mwenzake amshikie zamu, wakaenda zahanati.

Muuguzi alimulika sikio, akaguna. Kwa koleo jembamba alitoa kibonge cheusi cha pamba na nta, akasafisha, akampa dawa ya matone. Alisema kuwa wangechelewa kidogo tu, ngoma ya sikio ingetoboka.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema akitabasamu. "Bahati yako, leo kimeumbuka kipamba tu."

Mama aliahidi kwamba kesho yake wangemwona mwalimu pamoja, ili maswali yaliyompita yarudiwe. Chiriku akauliza itakuwaje wenzake wakimcheka tena.

"Wacheke, mwanangu. Kicheko hakitoboi sikio," alisema mama. "Usiposikia, sema. Usipoelewa, sema. Anayekupenda hawezi kutengeneza asichokijua. Ukimwitikia ndiyo ya uongo, unamfungia mlango, nawe unabaki ndani peke yako."

Walitoka wameshikana mikono. Njiani mama alianza kuimba, kama alivyozoea akiwa na furaha. Chiriku aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa masikio yote mawili.

"Mama," alisema baada ya kitambo, "nikwambie ukweli?"

"Niambie."

"Huimbi vizuri."

Mama alicheka mpaka akasimama. Kisha akaimba tena, kwa sauti kubwa zaidi, na Chiriku akamsaidia.