Bodi Isiyobembeleza

Sebuleni, kiti-barabara, kile kiti cha kuigizia udereva, kilikuwa kinateremka mlima Kitonga, na mzee Gaudensi Luhwago alikuwa juu yake amevaa kandambili. Kiti kilitikisika kama lori lenye shehena ya mbao. Ukutani mlima ulipita upande mmoja, korongo upande mwingine, na tundu dogo chini ya kiti lilipuliza harufu ya breki zilizopata moto. Kona ile mbaya ikaja. Gaudensi akakanyaga breki, akaingiza gia ya pili, na lori likapinda taratibu, likatokea ng'ambo bila kugusa hata jani.

"Hongera, dereva," kiti kikasema. "Leo umeshuka vizuri kuliko jana."

"Kila siku kuliko jana," Gaudensi alilalamika. "Kwa mwendo huu mwezi ujao nitakuwa malaika."

Miaka hiyo Iringa nzima haikuwa na dereva kazini. Malori yalijiendesha yenyewe, yakapishana bila kupigiana honi wala kutukanana, na barabara ikawa na ukimya wa kuchosha. Tena kila chombo mjini kilikuwa na kilainishi ndani yake. Kilainishi ni akili ya mashine, ndogo kuliko punje ya ulezi, na kazi yake ni kuupiga pasi utetemekaji wa binadamu. Kijiko chenye kilainishi hakimwagi uji. Kalamu yenye kilainishi inanyoosha mwandiko wa mlevi. Pedeli yenye kilainishi inamalizia kile ambacho mguu umekianza. Watu walikizoea wakasahau kwamba kipo, kama mtu anavyosahau meno yake ya bandia mpaka yamdondoke harusini.

Sasa kamati ya Siku ya Barabara ilikuwa imemchagua Gaudensi, dereva wa mwisho aliyebaki, aliteremshe Kitonga lori moja la zamani kwa mikono na miguu yake mwenyewe. Nyuma ya lori ingepanda kwaya ya parokia, iimbe njia nzima. Lori lile halikuwa na kilainishi. Lilikuwa na klachi, breki, na huruma ya Mungu.

Ndipo Gaudensi alipomwendea shemeji yake, Veridiana Kikoti, mjane wa kaka yake na fundi wa redio tangu usichana.

"Shemeji, pedeli za kiti changu ni za kunywea chai," alimwambia. "Nitengenezee bodi ya saketi inayouchukua mguu wangu jinsi ulivyo. Pedeli zote tatu, na gia. Nataka mazoezi ya kweli."

"Mguu wako jinsi ulivyo una magaga."

"Basi ichukue na magaga."

Veridiana alikubali, na si kwa upendo tu. Alikuwa sauti ya pili kwenye ile kwaya, na mahali pake nyuma ya lori palishapangwa.

Kazi yenyewe ilimtoa roho. Kila chipu ya dukani ilikuja na kilainishi kimeshapikwa ndani, kama chumvi kwenye mchuzi, huwezi kukitoa. Ikabidi akanyofoe chipu ya zamani kwenye mashine ya kufulia iliyokufa kwa jirani. Vihisi vya kupima uzito wa mguu alivitoa kwenye mizani za duka la unga. Sumaku za kuonyesha gia imeingia wapi alizibandua kwenye spika. Alipokaa kulehemu, chuma cha kulehemu nacho kikaanza kumvuta mkono.

"Umetetemeka kidogo, mama," kikasema. "Nikusaidie?"

"Nyamaza."

"Nimekusaidia."

Alikizima, akakitia kwenye ndoo ya maji, akachukua chuma cha shaba cha marehemu mumewe na kukipasha kwenye jiko la mkaa. Moshi wa lehemu ukamwingia machoni. Rezista moja, kipande cha bodi kidogo kama kiroboto, ikamponyoka, na kabla hajainama fagio-akili lilipita na kuimeza, likamshukuru kwa kutunza usafi. Veridiana alilipindua, akalifungua tumbo. Alikuta maharage, kifungo cha blauzi aliyoitafuta tangu Pasaka, na rezista yake.

Bodi ilipokamilika, alikata waya wa kilainishi kwenye kiti, akafunga ya kwake. Gaudensi akapanda. Akashuka vizuri mpaka kwenye kona ile. Akakanyaga breki, na lori likaenda moja kwa moja korongoni, kiti kikamtupa mkekani.

"Bodi yako mbovu, shemeji," alisema, akiwa bado amekaa chini.

"Rudia."

Akarudia. Korongoni.

"Breki haishiki. Angalia lehemu zako."

Veridiana alifungua, akalehemu upya breki nzima. Korongoni. Akabadilisha kihisi. Korongoni. Akabadilisha waya, na Gaudensi akasema labda tatizo ni chipu kunuka sabuni. Veridiana akaenda jikoni, akarudi na mfuko wa unga wa kilo tano. Akauweka juu ya pedeli ya breki. Ukutani ikaandikwa kilo tano. Mstari wa kipimo ukasimama hapo, umenyooka.

"Unga unajua kukanyaga breki," alisema. "Sasa weka mguu. Usiendeshe. Kanyaga tu, ushikilie."

Gaudensi alikanyaga. Mstari ukapanda, ukasita, ukaporomoka, ukapanda tena, ukalala.

"Nimeshikilia," alisema.

"Umeachia, shemeji."

"Nimeshikilia, bwana. Si unaona mguu uko pale?"

Mguu ulikuwa pale kweli. "Ngoja niupime," alisema Veridiana, akainama akamfinya kidole gumba kwa kucha zake mbili, akafinya haswa. Gaudensi aliendelea kuutazama ukuta, akingoja kupimwa.

"Umeanza?" akauliza.

Veridiana alijiinua taratibu, akafuta mikono yake kwenye kanga. Tangu asubuhi alikuwa na matusi mazuri ameyaweka akiba, na sasa hata moja halikufaa.

"Nimemaliza," alisema.

Gaudensi alitazama chini, akaiona alama ya kucha, nyekundu. Akachezea gia, akaiingiza ya tatu, akaitoa.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema, "nani alikuwa anashuka Kitonga?"

"Si wewe."

"Ningewaua wote."

"Mimi wa kwanza. Sauti ya pili inakaa mbele."

Gaudensi alicheka kidogo, kicheko kikavu, halafu akachukua simu akampigia mwenyekiti wa kamati, Bwana Mgaya. Veridiana alikaa akasikiliza.

"Mwenyekiti, sitaweza kuendesha," alisema Gaudensi. "Hapana, mimi mzima kabisa. Ni hii bodi ya mazoezi aliyonitengenezea shemeji. Mbovu. Breki haishiki, mazoezi sijapata. Mikono yake imezeeka, maskini. Lehemu zinaachia."

Veridiana alinyanyuka. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumrudishia kazi. Gaudensi akamsogezea simu bila kumtazama.

"Anataka akusikie mwenyewe," alinong'ona.

Aliipokea. Chuma cha marehemu mumewe kilikuwa bado mezani karibu naye, na kwa kitambo akafikiria mahali pengine pa kulehemu nacho.

"Mama Veridiana," sauti ya Bwana Mgaya ikasema, "ni kweli hayo?"

Gaudensi alikuwa ameuficha mguu wake chini ya kiti, kama mtoto aliyekanyaga tope.

"Ni kweli, Mwenyekiti," alisema Veridiana. "Lehemu zangu zinaachia siku hizi."

"Pole sana, mama. Umri. Basi vile vipaza sauti vya parokia ulivyokuwa uvitengeneze nitavipeleka kwenye karakana ya mashine, tusikusumbue."

"Vipeleke."

Akaikata simu, akaiweka juu ya meza kwa utaratibu mkubwa.

"Shemeji," alisema, "ungeniua Kitonga ningekusamehe haraka kuliko hili."

"Najua," alisema Gaudensi. "Ila ungenisamehe ukiwa korongoni, na mimi nataka nikuone unavyonuna."

Veridiana alimnunia. Halafu akauondoa mfuko wa unga kwenye breki, akaenda kusonga ugali wa watu wawili.