Selo ya Kirua Vunjo

Selo ya Aikaeli, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kukaa, ilivunjwa kwa shoka Jumamosi mchana, nyumbani kwao Kirua Vunjo, familia yote ikiwa msibani. Jumatatu alikuwa avuke mpaka wa Holili kwenda Nairobi, akasailiwe na chuo cha muziki. Selo ya kuazima haikuwepo Moshi nzima.

Inspekta Leodegar hakutulia. Hakuna kilichoibwa. Aliyeingia alichukua ufunguo ulikofichwa, kwenye banda la ng'ombe. Nje ya familia, waliojua maficho hayo ni wenzake Aikaeli watatu wa kundi lao la muziki. Ruth na Elinipendo walikuwa naye msibani. Akabaki Mwalimu Sifael, mpiga fidla ya kwanza.

Sifael alidai alikuwa peke yake kanisani Pasua, akijirekodi sehemu yake ya kipande walichokifanyia mazoezi tangu Januari, utunzi wa Mjerumani ambaye hata wanamuziki wengi hawamjui. Akatoa kinasa sauti cha zamani, kisichoweka tarehe.

"Sikiliza mwenyewe, Afande."

Kwenye kinasa, kinanda kilitoa noti moja, Sifael akakaza nyuzi kuifuata, akaanza kupiga.

Inspekta aliirudiarudia rekodi hiyo huku akizunguka ofisini, hadi konstebo akamtania kwamba sasa atahamia kwaya ya Walutheri. Hakuambulia kitu. Mwishowe akaazima simu ya Ruth, yenye mazoezi ya kundi ya wiki ileile, kanisa lilelile. Akafungulia rekodi zote mbili kwa pamoja.

Zikagombana. Noti za Sifael zilikuwa juu kidogo kuliko za kundi, mwanzo hadi mwisho.

Ruth alipoulizwa akaeleza kwamba kinanda cha zamani, cha kukanyaga, ndicho kilichokuwa na noti za juu vile. Kilitolewa kanisani baada ya Pasaka. Siku hizi wanakaza nyuzi kwa kufuata cha umeme.

Sifael akaitwa tena.

"Mwalimu, hii umeirekodi lini?"

"Si nimeshasema? Jumamosi."

"Kwa kinanda kipi?"

"Cha kanisa."

"Kile cha kukanyaga? Kiko wapi sasa?"

Sifael akakisukuma kinasa kando.

"Nimemfundisha tangu hajui kushika upinde," akasema. "Angeenda, huku angerudi kufanya nini? Kundi la wanne likiwa na watatu si kundi. Nilitaka abaki, basi."

"Na shoka?"

"La baba yake. Lilikuwa uani."

Usaili ulipita, na chuo hakikumpa Aikaeli siku nyingine. Alibaki, anachuma kahawa na mama yake. Sifael yuko rumande. Ruth na Elinipendo hawajagusa fidla tena.

Shoka lile lilivunja selo moja, nafasi moja ya chuo, mwalimu mmoja, na kundi zima.