Ubao wa Kituku

Kila siku baada ya masomo, Mwavita alipita nyumbani kuchukua sufuria ya chakula cha baba yake, bugali na sombe ya majani ya muhogo, akateremka nayo hadi Kituku, bandari ndogo ya Goma kando ya Ziwa Kivu. Baba yake, Ferdinand, alikuwa kapita wa wapakuzi. Ndiye aliyewapangia kazi wanaume walioshusha mizigo kutoka kwenye maboti.

Mwaka huo vita vilikuwa vimefunga barabara ya Sake. Maharage na unga vilifika Goma kwa njia ya ziwa, maboti yakapangana yakisubiri kupakuliwa, na wenye maboti hawakutaka kusikia habari ya kupumzika. Miongoni mwa wapakuzi alikuwa Kasereka, mtu mpole aliyekimbia mapigano ya Rutshuru pamoja na mkewe na watoto wao. Waliishi kambini Lac Vert, ndani ya hema. Kila alipomwona Mwavita, alimuuliza amejifunza nini shuleni, na alisikiliza jibu mpaka mwisho.

Siku moja Mwavita alimkuta Kasereka amesimama ndani ya boti, gunia la maharage mgongoni, mbele ya ubao uliotumika kuvukia hadi kwenye mawe ya ufukoni. Hakutaka kuukanyaga.

"Kapita, ubao huu una ufa," alisema. "Tutafute mwingine."

Ferdinand aliangalia boti lililokuwa likingoja nyuma. "Pita tu," akajibu. "Tutaubadilisha jioni."

Kasereka alipita. Alipofika katikati, ubao ulikatika, naye akaanguka pamoja na gunia kati ya boti na mawe. Wimbi likalisukuma boti, likambana mguu. Mwavita alisikia sauti ya mtu ambayo hakuitambua kuwa ya Kasereka. Sufuria ilimponyoka. Wanaume waliruka majini, wakalisukuma boti kwa mabega, wakamtoa. Mwavita alitazama mguu ule mara moja tu, akageuza uso.

Hospitalini madaktari walishindwa kuuokoa. Waliukata chini ya goti.

Kesho yake jioni, Mwavita akiwa bado hawezi kula, alimsikia baba yake akimweleza mama yake, Mukamugema, kwamba Kasereka alikuwa amelewa. Alisema mwenye boti hatatoa chochote, kwa sababu mtu yule alikuwa kibarua wa siku na tena mlevi. Mama aliuliza kama ni kweli. Ferdinand akasema ndivyo ilivyo. Maneno hayo yalimshtua Mwavita kuliko ajali yenyewe, maana yalitoka katika kinywa cha baba yake.

Siku chache baadaye, mke wa Kasereka alikwenda kulalamika kwa wakaguzi wa kazi. Mkaguzi mmoja, mama aliyeitwa Émérance, akaja Kituku. Mwavita alipofika na chakula, aliwakuta wapakuzi wamemzunguka, wakiangalia chini. Mwenye boti alisimama karibu, na Ferdinand alikuwa akirudia habari ya pombe.

Mwavita aliweka sufuria chini.

"Papa," alisema polepole, "alikuambia ubao una ufa. Wewe ukasema apite."

Hakuna aliyemkemea. Ferdinand akavua kofia.

"Mutoto anasema kweli," alimwambia mkaguzi. "Kasereka hakunywa kitu. Mimi ndiye nilimpitisha. Nimesema uongo kwa sababu niliogopa kufukuzwa."

Baada ya hapo wapakuzi nao wakafunguka. Walisema ubao ule walikuwa wameulalamikia tangu zamani. Mwenye boti alijitetea kwamba Kasereka hakuwa na mkataba wa maandishi, lakini mama Émérance akamjibu kwamba kibarua naye ni mfanyakazi, na anayeumia kazini ana haki ya kutibiwa na kulipwa fidia. Alifuatilia jambo hilo bila kuchoka. Mwishowe mwenye boti alilipia hospitali na mguu wa bandia, na familia ya Kasereka ikapata fidia. Mbao zote za Kituku zilibadilishwa. Ferdinand alipoteza cheo cha kapita, akarudi kubeba magunia kama wengine.

Jumapili moja, Kasereka akiwa bado amelazwa, Ferdinand alimchukua Mwavita, wakaenda hospitalini. Ferdinand aliomba msamaha akiwa amesimama kando ya kitanda. Kasereka aligusa shuka mahali ambapo mguu wake ulipaswa kuwa.

"Hasira ningali nayo," alisema hatimaye. "Lakini kaa."

Ferdinand akakaa. Walipokuwa wakirudi nyumbani, alimshika binti yake mkono.

"Mwavita, mutu akikuambia kuna hatari, simamisha kazi, hata kama maboti yote yanangoja. Na ukikosea, usimtwike kosa lako yule uliyemuumiza. Mimi nilimvunja Kasereka mara mbili: kwanza mguu, kisha jina. Mguu sikuweza kumrudishia. Jina, ni wewe ulinisaidia kumrudishia."