Mkalimani wa Mama

Kila Jumamosi asubuhi Mkalimani na mama yake walishuka ngazi za ghorofa nne wakiwa na mfuko wa nguo chafu, mdogo wake akiwa amebebwa mgongoni. Mkalimani halikuwa jina lake la kuzaliwa. Mama alimpa walipohamia nchi hii ya kigeni, kwa sababu katika mwaka mmoja tu msichana huyo wa miaka kumi na miwili alikuwa ameishika barabara lugha ya wenyeji. Mama, aliyepiga deki hospitalini kwenye korido ambamo watu hupita bila kusema neno, bado aliokoteza maneno mojamoja.

Jumamosi hiyo walipitia posta, wakanunua mboga, kisha wakaenda kwenye duka la mashine za kufulia. Kila mahali Mkalimani ndiye aliyetangulia kusema. Karani wa posta alieleza jambo refu, naye akamfupishia mama kwa maneno manne. Mama akaitikia tu, akashukuru.

Wakati wakisubiri nguo zikauke, mama alitoa barua ya shule kwenye mkoba.

"Na hii inasemaje, mwanangu?"

Barua ilisema kwamba Jumapili saa tatu asubuhi darasa lingetembelea makumbusho. Kila mwanafunzi aje na mzazi wake, wachore pamoja kifaa kimoja cha zamani na kukieleza mbele ya wenzao. Mkalimani aliisoma mara mbili. Alikumbuka siku mama alipotaka mayai sita dukani, ulimi ukateleza kwa kuwa maneno hayo yanakaribiana katika lugha ile, akajikuta ameomba magoti sita. Muuzaji alicheka mpaka akashika mbavu, na wanafunzi wawili wa darasa lake walikuwa kwenye foleni. Wiki nzima shuleni walimwuliza kama magoti yamefika.

"Kesho tunaenda makumbusho," alijibu. "Wanafunzi tu."

Mama aliikunja barua taratibu. Alisema tangu azaliwe hajawahi kuingia makumbusho, kwa hiyo binti aangalie vizuri kwa niaba ya wote wawili, akirudi amsimulie. Mkalimani akajifanya anahesabu soksi.

Kesho yake, kwenye ukumbi wa vyungu na zana za kulimia, kila mtoto alikaa na mzazi wake. Mwalimu alipouliza, Mkalimani alisema mama yuko zamu kazini. Hakujua kwamba Mama Pacha, mama wa mapacha wa darasani mwao na mzazi pekee aliyezungumza lugha ya kwao, alikuwa ameshampigia mama simu kumwuliza mbona hajafika.

Haikupita nusu saa, mama akatokea mlangoni akihema, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, mtoto analia mgongoni. Mwalimu alimpokea kwa furaha. Akasema polepole, huku akimwonyesha kwa mikono, kwamba amefanya vyema kuomba ruhusa kazini, maana binti yake alisema leo yuko zamu. Neno "zamu" mama alilijua vizuri kuliko maneno yote ya lugha ile. Alimtazama binti yake, kisha akavuta kiti, akakaa, akachora chungu.

Walipotoka nje ndipo alipoongea.

"Siku zote nilidhani watu wa huku ndio wanaonifungia mlango. Kumbe ni wewe."

Mtoto alikuwa anashika sikio tangu asubuhi, kwa hiyo waliingia duka la dawa. Mkalimani akasogea kaunta kama kawaida yake, lakini mama alimshika bega akamrudisha nyuma. Alimwuliza kwa sauti ya chini atajuaje kama anachoambiwa ndicho kilichosemwa. Kisha akamwonyesha mfamasia sikio la mtoto, akagusa paji la uso la mtoto kuonyesha homa, akainua vidole viwili kuonyesha umri wake. Mfamasia alichukua karatasi akachora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, na kijiko kimoja chini ya kila picha. Ilichukua muda mrefu, na watu waliokuwa nyuma walianza kuguna. Mkalimani alilijua kila neno pale, na hakuna aliyemwuliza.

Nyumbani, mtoto alipopata usingizi, machozi yalimtoka Mkalimani. Alikiri kwamba si barua hiyo tu. Aliwahi kusema mkutano wa wazazi umeahirishwa, na kwamba darasa la lugha kwa wazazi limejaa. Yote yalikuwa uongo. Akaeleza habari ya magoti.

Mama aliweka chupa ya dawa mezani, akamgeukia.

"Siku ile ya magoti hata mimi nilicheka," alisema. "Kuchekwa na muuza duka hakuniumizi. Kinachoniuma ni kwamba nilikupa masikio yangu uyatunze, ukachagua nisikie nini. Anayekutegemea umwelezee mambo, mwambie yote, hata lile linalokutia aibu. Ukiona aibu, niambie una aibu. Hiyo naweza kuibeba. Uongo siwezi."

Jumatatu walikwenda pamoja kwa mwalimu. Mkalimani alisema ukweli mara mbili, mara moja kwa kila lugha. Mwalimu alimwonya, kisha akaandika jina la mama kwenye orodha ya darasa la lugha.

Jioni mama alimpa chupa ya dawa asome maandishi. Mkalimani alisoma taratibu, neno kwa neno, bila kufupisha. Karibu na mwisho akasimama. Zamani angebuni tu na kuendelea.

"Neno hili silijui, mama."

Kwa mara ya kwanza tangu jana uso wa mama ukalegea.

"Sasa ninaanza kukuamini tena," alisema. "Vaa viatu, twende tukamwulize mfamasia."